Mlango wa Darasa la Sita

Mlango wenyewe ulitoka kwenye ofisi iliyobomolewa. Fundi aliukuta umelala kwenye kifusi, akaufuta vumbi kwa kiganja na kusema kwamba kuutupa mlango kama huu ni dhambi. Akaupeleka karakana kwake, akaupiga randa, akaupaka rangi nyeusi ya ubao, akaufungia miguu miwili yenye bawaba kwa nyuma ili usimame wenyewe. Kitasa hakukitoa. Mkewe alipomuuliza ubao unataka kitasa cha nini, alijibu, "Cha kushikia, mwalimu. Na mtu akitaka kuingia je?"

Alimwita mwalimu hata nyumbani, hata mbele ya wageni, hata kwenye sala ya jioni. "Ee Mungu, mbariki mwalimu na watoto wake." Watoto wa kuzaa hawakujaliwa. Watoto waliotajwa kwenye sala ni wa darasa la sita.

Kazi ya mlango ilikuwa moja. Shule ile ilikuwa na kawaida ya kumwita mzazi pale tu mtoto anapovunja dirisha au kumng'oa mwenzake jino, na Mwalimu hakuipenda kawaida hiyo. Alitaka wazazi wajue darasani kunafanyika nini hata kama hakuna aliyevunja kitu. Basi kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, aliandika kwenye mlango habari za wiki nzima: tulichojifunza, kilichotusumbua, kinachokuja wiki ijayo, mtoto aje na nini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa herufi zake zimepigwa pasi. Akimaliza, Fundi alikuja na mkokoteni wake, akaulaza mlango chali, akausukuma polepole kama anayempeleka mgonjwa hospitali, mpaka njia panda kwenye karakana yake. Hapo ndipo wazazi wengi walipopita jioni wakitoka kazini. Jumatatu asubuhi aliurudisha.

Na mambo yalikwenda. Mwalimu akikutana na mzazi dukani aliambiwa, "Nasikia mmeshafika kwenye asilimia," au, "Mwalimu, ule mmea wenu wa kwenye chupa umeota?" Siku hizo alirudi nyumbani amenyoosha shingo.

"Umeona, Fundi? Watu wanasoma."

Fundi alitafuna taratibu, akameza. "Wanasoma sana, mwalimu."

Kulikuwa na jambo jingine la kila wiki. Alhamisi, wakati wa chakula, Fundi alitaka kuelezwa. Wiki hii kuna nini? Asilimia ni kitu gani hasa? Mwalimu akieleza, yeye anakuna kichwa.

"Hebu anza tena. Nieleze kama unamweleza mtu anayepita njia na mzigo kichwani."

"Wewe unapima mbao kutwa, asilimia ikushinde?"

"Mimi mzito, mwalimu. Nivumilie."

Mwalimu alicheka, akachukua mkate na kisu, akaanza tena. Huko shuleni alisema kwa mapenzi kwamba mume wake ana mikono ya dhahabu na kichwa cha gogo.

Kifua kilimbana Fundi wakati wa mvua. Alilala siku chache, akaamka kidogo, akalala tena, na asubuhi moja Mwenyezi Mungu akamchukua, dada yake akiwa bado amemshikia kikombe cha maji mdomoni. Dada huyo alikuwa amekuja kuuguza. Baada ya mazishi hakuondoka. Alitundika nguo zake kwenye chumba cha nyuma na hakuna aliyemuuliza anaondoka lini. Yeye na Mwalimu walikuwa mawifi wa siku nyingi, wa kutaniana na kununiana, na sasa walikaa meza moja wakitazama kiti kimoja.

Mwalimu aliporudi kazini, jambo la kwanza alilofanya Ijumaa lilikuwa kuandika mlango. Aliandika kwa uangalifu kuliko siku zote. Akamtafuta mtu wa mkokoteni, mlango ukafikishwa njia panda, ukasimamishwa mbele ya karakana iliyofungwa. Wiki iliyofuata akafanya vilevile, na nyingine, na nyingine. Alijiambia kwamba hilo halitakufa, hata kama mwenyewe hayupo.

Muhula ulipoelekea mwisho aliandika habari ya siku ya wazazi, ambayo darasa lake liliifanya kila muhula. Darasa la sita lilikuwa limejifunza mwili wa binadamu, na kila mtoto angemweleza mzazi wake mwenyewe sehemu moja: jicho, mapafu, tumbo, mifupa ya mkono. Binti wa mlinzi, mtoto mwembamba asiyependa kuonekana, alichagua damu. Alitengeneza moyo kwa chupa laini ya plastiki, mishipa kwa mipira myembamba, na damu kwa maji yaliyotiwa rangi. Ukibinya chupa, maji yanapita huku na kurudi kule. Alikuwa amefanya mazoezi mpaka vidole vyake vikawa vyekundu.

Siku ikafika. Watoto walisimama kila mmoja pembeni ya dawati lake, nguo zimepigwa pasi, nywele zimechanwa. Walikuja wazazi watatu, na mmoja wao alidhani ni mkutano wa ada. Saa zikasogea. Mtoto wa mapafu alimweleza mtoto wa mifupa, na mtoto wa mifupa akamweleza wa tumbo, kisha wakachoka wakaanza kusukumana. Binti wa mlinzi hakusukumana na mtu. Alisimama ameshika chupa yake, macho mlangoni. Walipoambiwa waende nyumbani, aliyamwaga maji dirishani, akaosha mipira, akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

"Mwalimu, pole. Lakini umeona mwenyewe. Wazazi wa hapa hawana habari. Tusiwaaibishe watoto tena. Muhula ujao tufute hii siku, tutume ujumbe wa simu kama shule nyingine, basi."

"Walikuwa wanakuja."

"Walikuwa."

"Nipe mara moja zaidi, watoto wale wale na sehemu zao zile zile. Mwanzoni mwa muhula, kabla hujafuta. Wasipokuja, nitafuta mwenyewe kwa mkono wangu."

Mwalimu Mkuu akachezea kalamu. "Mara moja. Na ule mlango wako, nao tuuangalie. Umekaa pale njia panda kama kitu kilichosahauliwa."

Neno hilo alilibeba mpaka nyumbani. Wifi yake alikuwa anachambua mchele.

"Wamenidharau," Mwalimu alisema kabla hata ya kuketi. "Alipokuwepo kaka yako walimwogopa. Sasa wameona mjane, wakanidharau."

"Kaka yangu aogopwe na nani? Hata kuku wa jirani walikuwa wanampanda begani."

"Basi kwa nini hawasomi?"

"Umekwenda kuwaona wakiacha kusoma?"

Mwalimu hakuwa amekwenda. Kwa miaka yote ile hakuwahi hata Ijumaa moja kusimama njia panda. Kazi yake iliishia kwenye geti la shule. Baada ya hapo alirudi nyumbani kupumzisha miguu, na Fundi alirudi baadaye, giza likianza kuingia, na sauti imekauka. Mbao zina vumbi, alikuwa akisema.

Muhula mpya ulipoanza, Ijumaa ya kwanza, Mwalimu aliufuata mkokoteni kwa miguu. Mlango uliposimamishwa, aliingia kwenye kibaraza cha karakana, akakaa juu ya gogo ambalo Fundi hakuwahi kulipasua, akangoja.

Watu walianza kupita. Walipita wenye mifuko, wenye ndoo, wenye watoto mgongoni. Wazazi aliowafahamu kwa sura walipita macho mbele, wakiwaza majiko yao. Hakuna aliyesimama. Kisha akaja mwanamke mnene, muuza viatu wa pale njia panda ambaye kila mtu alimwita Mama Viatu. Alitua gunia lake, akatoa viatu jozi moja baada ya nyingine, akavipanga chini ya mlango, na viatu viwili vya kike vyenye mikanda akavitundika kwenye kitasa.

Mwalimu alitoka kibarazani kama kashtuliwa na nyuki.

"Toa viatu vyako hapo!"

"Shikamoo, mwalimu! Lo, samahani. Nilidhani huu mlango umeshastaafu."

"Umestaafu? Una maandishi hapo! Mwanao yuko darasani kwangu. Husomi?"

Mama Viatu alivitoa viatu kwenye kitasa, polepole, bila kukasirika. "Kusoma, mwalimu? Nani asome saa hizi? Nimesimama sokoni tangu alfajiri, macho yenyewe yanaona mbili mbili. Halafu hizo herufi zako ni nzuri, lakini ni ndogo kama sisimizi. Sisi tulikuwa tunasomewa."

"Mlikuwa mnasomewa na nani?"

"Na nani tena? Na Fundi!" Akaweka viatu chini, akafunga vizuri nguo kiunoni, akapanua kifua, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "'Wewe wa la sita, unapita kama umeiba! Njoo hapa! Mwanao wiki hii amekula mkate wa asilimia, wewe unajua ladha yake? Hujui! Akikuuliza leo utasema nini? Simama nikupe jibu, usiaibike nyumbani kwako!'"

Watu wawili waliokuwa wanapita walicheka. Mmoja, mwanamume mwenye msumeno, alisema, "Ah, Fundi, Mungu amrehemu," akasimama.

"Mkate?" Mwalimu aliuliza.

"Alikuja na mkate, mwalimu. Akaukata hapa hapa, juu ya hilo gogo. Robo ni asilimia ngapi, nusu ni ngapi. Mimi mwenyewe nilipata kipande." Mama Viatu akapunguza sauti. "Kwani hakukwambia?"

Hakumwambia. Mwalimu alishika kitasa cha mlango. Aliiona meza ya Alhamisi, mkate na kisu, na yule mtu mzito anayekuna kichwa akiomba arudiwe. Alikuwa anajifunza somo la Ijumaa. Na alimwacha mkewe aamini kwamba watu wanasimama kwa ajili ya mwandiko wake.

"Na baba yake binti wa damu?" aliuliza, sauti ikiwa chini. "Yule mlinzi. Alikuwa anasimama?"

"Yule huenda kazini wakati sisi tunarudi. Hajui herufi hata moja, na ana haya kama bibi harusi. Fundi alikuwa anamfuata mpaka kule kwenye nguzo, anamwambia pembeni. Sasa anapita upande wa pili wa barabara."

Wengine wangerudi nyumbani kulia, na hakuna ambaye angewalaumu. Mwalimu alifuta uso kwa kiganja chenye chaki, akajipaka weupe shavuni bila kujua, akageukia barabara.

"Wazazi wa darasa la sita!" aliita. "Tafadhalini, naomba usikivu wenu. Katika wiki hii darasa limejifunza mada ya..."

Watu walipunguza mwendo, wakamtazama, wakaendelea. Mwenye msumeno alivumilia sentensi mbili.

"Mwalimu, samahani," alisema, "umeniambia tafadhali nikadhani nimefukuzwa kazi tena."

Kijana mmoja wa kubeba mizigo akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Ongeza sauti, mama! Hiyo ni ya kubembelezea watoto walale!" Kicheko kikapita. Mwalimu alisoma mpaka neno la mwisho hata hivyo, akiwasomea Mama Viatu na mbwa mmoja aliyeketi. Kisha akakaa juu ya gogo.

"Si mbaya," Mama Viatu alisema. "Ni mbaya kidogo tu."

Alipofika nyumbani alimsimulia wifi yake yote. Wifi alisikiliza mpaka kwenye habari ya mkate, hapo akafunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na kwa muda haikujulikana kama anacheka au analia. Ilikuwa yote mawili.

"Ndiyo maana ulikuwa unanilalamikia kwamba mkate unaisha Ijumaa," alisema mwishowe. "Mama yetu alimchapa kwa tabia hiyo hiyo, kugawa mkate."

"Wifi, mimi siwezi. Darasani naweza hata ndotoni. Barabarani ulimi unakuwa wa mtu mwingine."

"Kwa sababu unawasomea. Kaka hakuwasomea. Aliongea nao." Wifi akavuta kiti, si kile kitupu, chake mwenyewe, akakaa mbele yake. "Haya. Mimi ni mtu anayepita njia, nina mzigo kichwani. Niambie hiyo damu inakwenda wapi. Na usinitajie mada."

Alichukua sahani akaiweka kichwani kweli. Mwalimu alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akaona aibu kwa kucheka, kisha akaanza. Wifi alimkatiza kila neno. Mshipa ni nini? Unaanzia wapi? Kwa nini nijali, mimi nina mzigo? Walirudia mpaka sahani ikaanguka. Kabla ya kulala walisali pamoja, na wifi, aliyekuwa na desturi ya kusali kwa urefu, safari hii alisema neno moja tu: "Ee Mungu, mbariki mwalimu na watoto wake."

Wiki iliyofuata Mwalimu alifuta mlango wote, akaandika upya. Herufi zilikuwa kubwa kama viganja na maneno machache: DAMU. INAKWENDA WAPI? MWANAO ANAJUA. Chini yake aliandika siku ya wazazi. Mwandiko ulikuwa mbaya. Mwalimu wa la tano alisimama akauliza kama anaumwa mkono.

Njia panda alisimama kando ya mlango, mkono kwenye kitasa. Hakusema tafadhali.

"Wewe mwenye msumeno! Mwanao ana mapafu mawili, na anajua kazi yake. Wewe unavuta sigara, umeshamuuliza?"

Mwenye msumeno akasimama kama aliyekamatwa. Mama Viatu akapiga makofi. "Huyo ameguswa! Endelea, mwalimu!"

"Na wewe mama wa ndoo, usijifiche nyuma ya ndoo, nimekuona! Tumbo la mwanao lina safari ndefu kuliko yako ya leo. Njoo umsikie akikueleza. Mimi sielezi, sitaki kumwibia maneno yake."

Walisimama wanne, wakawa sita, wakawa duara. Sauti yake haikuwa ya Fundi. Ilikuwa nyembamba, na mara mbili ilikatika. Lakini hakuacha, na alipokwama kwenye neno, kulikuwa na mtu wa kumtania mpaka likatoka. Fundi alikuwa amewazoesha hivyo.

Halafu akamwona. Upande wa pili wa barabara, mwanamume mrefu mwenye sare ya ulinzi iliyofifia, tochi mfukoni, anatembea kwa haraka ya mtu asiyetaka kuitwa. Mwalimu hakuita. Aliwaacha watu kwenye duara, akavuka, akamfuata mpaka kwenye nguzo.

"Baba, habari za jioni."

"Nzuri, mwalimu." Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake. "Pole kwa msiba. Sikuweza kuja. Zamu."

"Ahsante. Binti yako alingoja ile siku."

"Aliniambia ipo." Akageuza tochi mfukoni. "Mwalimu, mimi nikija pale nitafanya nini? Nikiambiwa soma hiki? Mtoto aone?"

"Hakuna atakayekupa kitu usome. Wewe ndiye wa kuuliza. Yeye ndiye wa kujibu. Unajua kuuliza?"

"Kuuliza?" Alifikiri. "Usiku kucha nauliza watu, nani wewe, unakwenda wapi."

"Basi muulize hivyo hivyo. Damu, unakwenda wapi. Hutakosea."

Hakuahidi. Alisema atachelewa zamu, akaenda. Ijumaa zilizofuata Mwalimu alivuka tena barabara, akamwambia jambo moja tu kila mara, la kubeba mpaka kazini, kisha akarudi kwenye duara lake.

Siku ya wazazi ilipofika hakulala vizuri wala hakula. Wifi yake aliamua kwenda naye, akavaa nguo ya kanisani, akakaa dawati la mwisho kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kwa muda palikuwa na watoto na madawati tu, na Mwalimu alianza kuutazama mkono wake ambao ungefuta.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Viatu, akihema, gunia begani. Akafuata mama wa ndoo, bila ndoo. Mwenye msumeno aliingia na mkewe, akasema kwa sauti kwamba amekuja kusomewa mashtaka. Wakaja wengine, wakaulizana dawati la nani liko wapi, wakabanana kwenye viti vidogo magoti yakiwafika kidevuni. Hawakuja wote. Mtoto aliyechagua jicho alibaki peke yake, na wifi wa Mwalimu akahama dawati la mwisho, akaenda kumkodolea macho kwa karibu, akimwambia, "Haya, nitazame vizuri, unaona nini?" Lakini chumba kilijaa sauti, na Mwalimu Mkuu alionekana akibeba benchi kutoka darasa la tano, peke yake, tai imerushwa begani.

Binti wa mlinzi alisimama na chupa yake, macho mlangoni kama mara ya kwanza. Mwalimu hakuthubutu kumtazama.

Baba yake aliingia kwa kuinama, ingawa mlango ulikuwa mrefu. Alikuwa na sare na tochi, tayari kwa zamu. Alipita katikati ya watu wote bila kumtazama yeyote, akasimama mbele ya dawati la bintiye, akasafisha koo. Na kwa sauti ile ya getini, iliyowanyamazisha hata mapafu na mifupa, akauliza:

"Damu. Unakwenda wapi?"

Mtoto alibinya chupa kwa nguvu zote. Mpira mmoja ukachomoka, na maji mekundu yakaruka moja kwa moja kwenye kifua cha sare. Mlinzi alitazama kifua chake, akatazama bintiye, akaitoa tochi mfukoni, akaiwasha, akaielekeza kwenye mpira uliochomoka.

"Rudisha hapo," alisema. "Halafu nieleze tena taratibu. Mimi mzito."

Mwalimu alikuwa karibu kutosha kusikia. Aligeuka, akatoka nje mpaka ukutani ulipoegemezwa mlango mweusi ukingoja Ijumaa, akauegemea. Ndani alimsikia binti akianza kueleza, na baba akiuliza, na binti akieleza tena kwa sauti ambayo darasa halikuwahi kuisikia kwake.

Mwalimu Mkuu alitoka kumtafuta, tai bado begani.

"Mwalimu, kuna baba anauliza siku nyingine ni lini. Nimwambie nini?"

Mwalimu alijifuta macho. "Mwambie apite njia panda Ijumaa," alisema. "Atasikia."